Kutu ya Kuambukizwa

Fundi wa kuchomelea wa Katesh, Mbulu mjini au Dongobesh akisema "stenlesi", mteja ameshaelewa. Kwenye kamusi utakutana na feleji, neno la zamani la pwani lenye sifa za panga na majambia, na pua, ambayo nayo ni chuma kigumu cha aina yoyote. Yote mawili ni maneno mazuri, ila hayakitofautishi chuma hiki na ndugu zake. Wengine huamua kufafanua: "chuma kisichoshika kutu". Hapo ninasita, kwa kuwa maelezo hayo yanatoa ahadi ambayo chuma chenyewe hakiwezi kuitimiza.

Hata huko Sheffield, Uingereza, jina lilibadilika. Harry Brearley, aliyekitengeneza mwaka 1913, alikiita kwanza chuma kisicho na kutu. Ernest Stuart, mtu wa biashara ya visu, alikijaribu kwa siki, akapendekeza jina la kutoshika madoa, na hilo ndilo lililobaki.

Kinachokilinda ni kromiamu, angalau asilimia 10.5. Ikikutana na oksijeni, hutandaza juu ya chuma tabaka jembamba lisiloonekana kwa jicho. Naliita utando. "Mpako" haufai, maana mpako hupakwa na mtu na ukikwanguka umekwisha. Utando huu ukichubuka hujirudisha wenyewe, maadamu hewa inaufikia.

Sasa angalia karakana ya kawaida. Geti la chuma cha kawaida linakatwa kwa grenda, na shiti za stenlesi zimeegemezwa ukuta wa pili. Cheche zinaruka, zinatua, zinang'ang'ania. Brashi ya waya iliyosugua geti inahamia kwenye sinki. Siku ya kukabidhi kazi kila kitu kinang'aa. Kisha unyevu unazifikia zile chembe za chuma cha kawaida, zinaota kutu, zinaizuia hewa isiufikie utando, na madoa ya hudhurungi yanatokeza. Mteja anaamini ameuziwa feki.

Tukio hili tuliiteje? "Uchafuzi" ndilo neno linalokuja upesi, na silipendi. Linatupeleka kwenye mito na moshi, na uchafu tumezoea kuuona na kuuosha. Ninachagua kuambukiza. Ndani yake mna mgonjwa na mzima, mna kugusana, mna siku za ukimya kabla ya dalili. Tena linaita neno la pili lenye manufaa makubwa zaidi: kutenga.

Kutenga si desturi nyepesi kwa mafundi wa huku. Wahunzi wa Gidang'odiga, ukoo wa Wadatoga, wanajulikana kwa kugeuza misumari na vyuma chakavu kuwa visu na mishale, na shaba kuwa bangili. Ustadi wao ni wa kukusanya. Kipande chochote kina kazi yake. Nauheshimu sana. Lakini stenlesi inadai nidhamu nyingine. Rafu yake iwe peke yake, na ikiwa ni ya chuma cha kawaida ivalishwe mbao au mpira. Isilazwe sakafuni penye vumbi la grenda, wala chini ya rundo la flatibaa. Nailoni iliyokuja na shiti ibaki hadi kazi iishe. Ibebwe kwa mikanda, si minyororo. Diski na brashi ziwe zake tu, na brashi yenyewe iwe ya waya za stenlesi. Hospitali kama ya Haydom, ambayo imehudumia wagonjwa tangu 1955, inahitaji meza na sinki zinazosafishika kila siku. Fundi anayepata kazi ya aina hiyo atapimwa kwa rafu yake kabla ya mkono wake.

Kuna kutu nyingine, na nisingependa zichanganywe. Karibu na Ziwa Balangida, penye chumvi, kloridi huushambulia utando wenyewe na kuacha vishimo vidogo vyenye kina. Hiyo naiita kutu ya kutobolewa. Rafu safi haitoshi kuizuia: inataka kuoshwa mara kwa mara, au aina ya stenlesi yenye molibdenamu, ile ya namba 316. Ya kuambukizwa hupimwa kirahisi. Lowanisha shiti kwa maji safi, iache ikauke, rudia mara kadhaa. Vitone vya kutu vikijitokeza, isafishwe kwa asidi ya sitriki na kusuuzwa vizuri kabla haijakatwa.