Vichekesho vya Televisheni na Haya ya Wapenda Fasaha

Sisi tuliolelewa katika nyumba ambamo neno lililokosewa lilirudishwa kwa msemaji wake likatengenezwe kwanza ndipo mazungumzo yaendelee, ambamo mtoto aliyesema nyumba yangu mkubwa hakupewa alichokiomba mpaka akaomba sawasawa, tulikuwa na udhaifu mmoja uliojulikana na jirani zetu wote ingawa sisi wenyewe tulijitia hatuna. Jioni ya Vioja Mahakamani au ya Vitimbi, vichekesho vya televisheni ya Kenya, ilipowadia hatukubanduka mbele ya televisheni, na mambo yaliyotuvunja mbavu yakatutoa machozi yalikuwa ndiyo yale yale ambayo mchana kutwa tulikuwa tukiwakemea wana wetu: sauti zilizohamishwa mahali pake, ngeli zilizochanganywa, na maneno mazito ya sheria yaliyotamkwa na mtu asiyejua yaanzapo wala yaishiapo. Waungwana wa barazani walikuwa na jina la mambo hayo, wakiyaita laghwi, yaani maneno ya upuuzi. Na waungwana hao hao, adhana ya isha ikishajibiwa, walionekana wakipiga hodi kwenye nyumba yenye antena.

Mapenzi hayo hayakuzaliwa na umeme. Kichekesho ni mgeni wa zamani katika tafrija za pwani yetu, na kwa muda mrefu alikuwa mgeni wa kukaribishwa baada ya wenyewe kuketi. Katika taarab za Unguja na Tanga, kati ya wimbo na wimbo, wakati wapiga fidla wakirekebisha nyuzi na wenye kutunza wakihesabu walichobaki nacho, walitokea watu wawili watatu waliojipaka unga au masizi wakaigiza mume na mke, tajiri na mtumishi wake, au mgonjwa na mganga, wakaondoka kabla hadhira haijachoka kucheka. Hakuna aliyeyaandika majina yao kwenye tangazo. Miaka mingi baadaye vikundi vikubwa vya Dar es Salaam, kama Muungano na Tanzania One Theatre, viliweka ngoma, sarakasi, taarab, mchezo wa kuigiza na kichekesho katika onyesho moja la jioni, na wapo watu waliolipa kiingilio chao kwa ajili ya kichekesho peke yake, kisha wakasema wamekwenda kusikiliza taarab.

Vita Kuu vya Pili navyo vilikuwa na mkono wake. Serikali ya Kiingereza iliunda kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki, na katika kikosi hicho, kilichofika hata Burma, alikuwamo mwanamuziki Fundi Konde, pamoja na wachekeshaji waliojifunza huko jambo ambalo baraza za Mombasa zisingaliweza kuwafundisha: namna ya kumchekesha Mkamba, Mnyasa, Mluo na Mngoni kwa wakati mmoja, kwa Kiswahili ambacho kila mmoja wao alikuwa nacho nusu. Baada ya vita wachekeshaji wa namna ya Mzee Pembe na Kipanga wakaichukua sanaa hiyo hadi kwenye redio. Na upande wa Tanganyika, na hatimaye Tanzania, redio ya taifa ikawapa wasikilizaji Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili waliotoka katika methali wakaja kuishi katika nyumba za watu. Televisheni ilipokuja, basi, haikumkuta mcheshi akiwa mwanafunzi. Alikuwa fundi aliyekwisha kuhitimu, akingoja kuonekana sura.

Televisheni ilianza Nairobi mwaka 1962, katika siku za mwisho za ukoloni, ikiwa tafrija ya wachache wenye umeme na fedha, na sehemu kubwa ya vipindi vyake ilitoka ng'ambo. Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ilichukua shirika lile na kulipa jina la Sauti ya Kenya. Mwaka 1970 stesheni ikafunguliwa Mombasa. Lakini hata hapo mwenye chombo hicho mtaani alikuwa mmoja, naye alipata heshima asiyoitafuta na usumbufu asioweza kuukataa. Watoto walijaa sakafuni, wakubwa wakakalia viti, na waliochelewa wakasimama dirishani, wakichekea nje kicheko kilichotangulia ndani kwa nukta moja. Mwenyeji hakuwa na uwezo wa kuzima akalala. Na aliyediriki kufanya hivyo kabla ya hukumu kutolewa katika Vioja Mahakamani alisemwa wiki nzima.

Na hapa sharti nikae kidogo, maana kipindi hicho kilibuniwa kwa hekima ambayo sioni kama imepata kusifiwa inavyostahiki. Mahakama yenyewe ilikuwa ya vitu vichache: meza ya hakimu, kizimba, karani, mwendesha mashitaka, askari mmoja au wawili. Vipindi vya aina hii vilikusudiwa kuwafundisha raia sheria za nchi huku wakiburudika, na mtu mwenye dhana mbaya angaliweza kutarajia somo kavu la uraia. Lakini mshitakiwa alipopanda kizimbani, awe Ondiek Nyuka Kwota, awe Makokha, awe Masanduku arap Simiti, alipanda na lafudhi ya kwao yote kamili, pamoja na mantiki ya kwao, na kuanzia hapo mahakama ikawa na lugha mbili zilizovaa nguo moja. Hakimu alisema Kiswahili kilichonyooka, cha vitabuni, kisicho na joto wala baridi. Mshitakiwa akakipokea, akakigeuza, akakirudisha kikiwa hakitambulikani, na mara nyingi kikiwa na ukweli ambao swali la hakimu lilikuwa limeukwepa. Akiulizwa kama anakubali kosa, alieleza hali ya njaa nyumbani kwake. Akiambiwa ajibu ndiyo au la, alitaka kujua kwanza ni kipi kati ya viwili hivyo kina faini ndogo. Mwisho hukumu ilitolewa, na kwa kawaida ilikuwa ya haki, kwa kuwa serikali ndiyo iliyokuwa mwenye kipindi. Lakini mioyo ya watazamaji ilikuwa imekwisha kuhukumu kwa upande wake, na mara nyingi ilimwachilia mtu yule.

Vitimbi, kilichopata umaarufu katika miaka ya 1980, kilitoka mahakamani kikaingia nyumbani. Humo ndimo alimotawala Mzee Ojwang', mwenye miwani mikubwa na kofia, pamoja na Mama Kayai, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mary Khavere na ambaye kwa kumkazia macho mumewe bila kusema neno alipata kicheko kirefu kuliko wengine walichopata kwa kurasa mbili za maneno. Ojwang' alikuwa mtu wa majigambo makubwa na kipato kidogo, mwepesi wa kukasirika, mwepesi zaidi wa kudanganywa, na alisema Kiswahili cha Mluo wa makamo ambaye hajapata kumwomba mtu radhi kwa namna asemavyo. Watu wengi walistaajabu walipopata habari kwamba mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Mtu huyo alijinyima matamshi ya kwao, ambayo huvuruga l na r, akaazima ya watu wa ziwani, ambao sh kwao huelekea kuwa s, akayakalia kwa miaka na dahari mpaka wenye matamshi yao wakamdai kuwa ndugu. Hiyo si dhihaka ya mtu anayechungulia kwa jirani kupitia ufa wa ukuta. Ni kazi ya mwanafunzi mwenye sikio la ajabu. Anayedhani ni rahisi na ajaribu kuiga lafudhi isiyo yake mbele ya wenyewe, wala si mara moja, bali kila wiki, bila kuchukiwa.

Wako waliosema, na wangali wakisema, kwamba vichekesho hivi vilijengwa juu ya ukabila na kwamba taifa haliwezi kujengwa kwa kuchekana matamshi. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau, hasa kwa nchi iliyoona machafuko ya kikabila baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Lakini hapakuwa na kabila lililotengewa kizimba hicho. Kila upande wa nchi ulipata zamu yake, na aliyecheka Jumanne alichekwa wiki iliyofuata. Tena lipo jambo ambalo sisi wapenda fasaha tulichelewa kuliona. Watu wa bara walikuwa wakikiogopa Kiswahili chetu, kwa maana kila walipofungua kinywa mbele yetu tulicheka kicheko kile chembamba cha pembeni ambacho mchekwaji hawezi kukijibu. Ojwang' alikosea kwa sauti kuu, mbele ya taifa zima, akajibiwa, akaeleweka, akapendwa. Nadhani mtu mmoja huyo aliwafungua vinywa watu wengi kuliko sarufi zote zilizopigwa chapa Nairobi katika zama zake. Vitabu vya sarufi vilivyo kabatini kwangu na vinisamehe.

Mwaka 1989 shirika lile la Sauti ya Kenya lilirudishiwa jina lake la kale la Kenya Broadcasting Corporation, yaani KBC, na mwaka uliofuata ikaanza KTN, stesheni ya kwanza isiyo ya serikali, iliyopenda Kiingereza na mambo ya ng'ambo. Hata hivyo Ojwang' hakutikisika. Alipozeeka macho yakamdhoofikia, na watazamaji wake wakachanga fedha za kumtibu, jambo ambalo lilikuwa la ukarimu na la fedheha kwa pamoja, kwani mtu aliyewajaza watu furaha kwa miongo mingi hakupasa kuingoja sadaka. Alifariki Nairobi mwezi wa Julai mwaka 2015.

Kwa upande wa Tanzania mambo yalikwenda kinyume. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ajabu ambayo nchi nyingi zilizo tajiri kuliko kisiwa hicho hazikuwa nayo, hali Tanzania Bara, kwa siasa ya wakati ule iliyoihesabu televisheni kuwa anasa, ilingoja mpaka mwaka 1994, zilipofunguliwa stesheni za watu binafsi kama ITV. Ilipofunguliwa njia, wacheshi waliingia kwa wingi: kikundi cha Kaole kwa michezo yake iliyochanganya kilio na kicheko, Mizengwe, na hatimaye, katika mwongo wa kwanza wa karne hii, vijana wa Ze Comedy waliotokea East Africa Television kabla ya kuhamia TBC, televisheni ya taifa, wakijiita Orijino Komedi. Joti akiwa bibi kizee, na Masanja akiwa mtu yeyote mwenye cheo na maneno mengi, waliwafanya watu waahirishe safari za usiku. Lakini wa kwanza wao wote kwa hesabu yangu ni Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufa mwezi wa Agosti mwaka 2018. Kwake yeye kicheko hakikutoka katika neno lililovunjika. Kilitoka katika Kiswahili kizima cha pwani, chepesi, chenye hila, cha mzee anayekutukana kwa heshima zote ukaitikia marahaba. Na mimi, ambaye nimekwisha kumsifu Ojwang' kwa makosa yake, namsifu Majuto kwa kuwa hakukosea, wala sioni haja ya kupatanisha sifa hizo mbili.

Yapo pia mapenzi mengine ya televisheni ambayo watu hawayakiri kwa urahisi, na hayo nitayapitia upesi kwa kuwa ni mapya na kwa kuwa baadhi yake yananihusu. Tamthilia za mahaba kutoka Mexico na Venezuela zilivuruga saa za chakula cha usiku katika miji yetu yote. Isidingo ya Afrika Kusini, kisa cha watu wa mgodi wa dhahabu, iliwafanya kina mama wa Dar es Salaam wazungumzie hila za watu wa Johannesburg kama wazungumziavyo hila za wakwe zao. Mwaka 2011 TBC ilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, unaomhusu mke kijana aitwaye Doudou na mama wakwe zake. Ukapendwa hata Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam mwezi wa Machi mwaka 2013, akautaja. Baadaye televisheni ya Azam ikaleta Sultan, tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman na mahabuba wake Hürrem, nao wakasema Kiswahili ndani ya kasri la Istanbul.

Kiswahili hicho cha Istanbul, kilichorekodiwa na vijana wetu katika vyumba visivyopitisha kelele, ni safi sana. Hakuna ngeli iliyopotea njia wala sh iliyogeuka s; watumwa, mawaziri na wauaji wote wanasema kwa ufasaha ambao walimu wangu wangeuridhia. Nimeifuata tamthilia hiyo kwa uaminifu ambao sijaionyesha kazi nyingine yenye manufaa zaidi, na wageni wakifika huku ikiendelea huwaeleza kwamba nachunguza tafsiri yake. Lakini siku ambazo KBC hurudisha vipindi vyake vya zamani, na nikasikia Ojwang' akimwita Mama Kayai kutoka chumba cha pili kwa sauti ile yenye ghadhabu isiyo na sababu, Sultani hubakia Istanbul peke yake na matarishi wake.