Miaka 29 ya Rabai

Wazee wenzangu wa shule hii, na ninyi vijana mliorithi madawati yetu, bila shaka mnakumbuka tulivyofundishwa habari za Johannes Rebmann. Ilikuwa sentensi moja tu: ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro, tarehe 11 Mei, 1848. Tukaikariri, tukapata maksi, tukaisahau. (Wachaga waliokuwa wakilima mitelemkoni mwa mlima huo hatukuulizwa habari zao.)

Kazi ya serikali iliponipeleka Pwani nilifika Rabai, na hapo ndipo nilipoanza kumsoma mtu huyu upya.

Rebmann alifika mwaka 1846, kijana wa miaka 26, kumsaidia Ludwig Krapf. Miaka miwili kabla ya hapo Krapf alikuwa amemzika Mombasa mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Basi kijana hakuja bila kujua gharama. Alipoandika kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, bingwa mmoja wa jiografia huko London alimdhihaki. Kiongozi wa msafara, ambaye hakuwa na jina la weupe ule, aliuita "baridi" tu, naye alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko bingwa huyo.

Mkristo wa kwanza wa Rabai, Mringe, alikuwa kilema maskini aliyebatizwa akikaribia kufa. Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa ugonjwa. Wamaasai waliposhambulia, Rebmann alikimbilia Unguja, kisha akarudi. Mtoto wake alikufa angali mchanga. Mkewe, Emma, akafariki mwaka 1866. Halafu macho yakaanza kufifia.

Mimi kazi yangu ni kuandika taarifa za mwaka. Nimejiuliza ningejaza nini kwenye safu ya mafanikio: miaka zaidi ya ishirini, waumini wa kuhesabika kwa vidole! Nakiri ningependekeza kituo kifungwe. Wapo wasemao kwamba ulikuwa ukaidi tu, na kweli alikuwa mtu mgumu. Lakini ukaidi peke yake haumkalishi mjane anayepofuka miaka tisa mingine, mbali na kwao, ambako hakupata kurudi hata mara moja. Alikuwa akisali na kundi lake dogo, na akikusanya maneno. Salimini, mtumwa aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, alimfundisha Kinyanja, naye akaandika neno baada ya neno hadi ikawa kamusi.

Mwaka 1875 aliondoka akiwa kipofu, akisindikizwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alifariki Korntal, Ujerumani, Oktoba 1876. Kamusi ile ilichapishwa mwaka uliofuata, Krapf akiwa ndiye mhariri. Hata angaliishi, asingaliweza kuisoma.