Simba, Mzimu na Jino Bovu

Ukipanda SGR kwenda Mombasa, Tsavo unaipita upesi, pengine macho yako kwenye simu. Mwaka 1898, watu waliolala hapo hawakuthubutu kufumba macho. Simba dume wawili walikuwa wakiingia kambini usiku na kuwaburuta vibarua waliojenga daraja la reli, wengi wao kutoka India. Boma za miiba hazikuwazuia. Mioto pia.

Sasa ungekuwa wewe, ungejiambia nini? Vibarua walisema hawa si simba. Ni mizimu ya machifu wawili, imekasirika kwa sababu reli inapita katika nchi yao. Ni rahisi kucheka. Lakini simba anakuua tu, ilhali mzimu una sababu, na mtu mwenye hofu anatafuta sababu kabla ya kitu kingine chochote. Tena, kuuliza reli ile ilipita kwa ruhusa ya nani hakukuwa ujinga hata kidogo. Desemba, mamia ya vibarua walilala kwenye reli, wakasimamisha treni, wakapanda, wakaenda zao.

Mwezi huohuo mhandisi wa daraja, John Henry Patterson, aliwaua simba wote wawili. Mwaka 1907 akatoa kitabu ambamo shujaa ni yeye mwenye bunduki. Humo alitaja vibarua Wahindi 28 walioliwa, na Waafrika ambao hakuna aliyewahesabu. Baadaye akasema waliokufa walikuwa 135. Hadithi nayo hunenepa.

Ngozi na mafuvu ya simba hao viko katika jumba la makumbusho Chicago. Watafiti waligundua mmoja alikuwa na jino lililovunjika na kuoza mzizi, na huenda ndiyo maana akageukia binadamu, windo laini. Mwaka 2009, baada ya kupima nywele na mifupa, wengine walikadiria kwamba waliliwa watu 35 hivi.

Mzimu, shujaa, jino bovu: zote zinajaribu kujibu “kwa nini sisi?” Jino ndilo lenye ushahidi. Ila jino haliwezi kukueleza kijana wa Punjab alifikaje kulala kwenye hema Tsavo. Wenye mizimu yao walikuwa karibu zaidi na swali hilo. Na hata hadithi yao imetufikia kupitia kitabu cha Patterson, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kalamu.