Ua wa Nyandarua

Msomaji, ukipanda kutoka Nyeri kuelekea milima ya Nyandarua utakuta ua wa umeme, urefu wake yapata kilomita 400. Ulianzwa mwaka 1989, ukamalizika 2009, kuwalinda vifaru na msitu, na mashamba yasiliwe na ndovu. Umeme wake haupiti mfululizo. Hupiga mara moja kila sekunde au zaidi kidogo, kwa volti elfu kadhaa, na pigo halitimizi sehemu ya elfu ya sekunde. Mwaka 1901 Georges Weiss, Mfaransa, alionyesha kwamba pigo likiwa fupi, sharti liwe na nguvu zaidi ndipo mshipa wa fahamu uamke. Umeme upandao polepole mno, mshipa huuzoea, usishtuke. Kwa hiyo pigo la ua hupanda ghafula, likazimika upesi: mshipa huamka kwa uchungu, lakini moyo, ulio mzito wa kuamka, hausimami. Hata hivyo ndovu wajanja huzikata nyuzi kwa pembe, ambazo hazipitishi umeme.