Maembe Yetu, Machungwa ya Jirani na Matofaa ya Ng'ambo

Kila kaskazi ikivuma, Pwani hujaa maembe. Kuanzia Novemba hadi karibu na Machi, maembe huoza chini ya miti kule Malindi, Magarini, Msambweni na Tana River, na bei huporomoka hata mkulima akaona gharama ya kuchuma haitarudi. Wakati huo huo, matofaa ya Afrika Kusini na machungwa ya Misri yamepangwa vizuri madukani Mombasa. Watu huniuliza: serikali ikizuia matunda ya nje, embe letu si litapata bei? Jibu langu ni kwamba kuzuia peke yake hakutoshi, na hapa naeleza sababu.

Matunda ya nje huingiaje?

Machungwa mengi tunayoyaona Kongowea hutoka Tanga, hasa Muheza, yakipitia Horohoro na Lunga Lunga. Kenya na Tanzania zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mazao ya jirani hayatozwi ushuru wa forodha. Misri nayo, kama Kenya, imo katika soko huria la COMESA tangu mwaka 2000. Afrika Kusini haimo katika makundi hayo mawili. Tangu Julai 2022, Jumuiya iliweka matunda yatokayo nje kwenye daraja la ushuru wa 35%, lakini matofaa bado yapo sokoni.

Ukweli ni kwamba mtofaa hutaka baridi, na joto letu haliufai. Tofaa halikuchukua shamba la mtu hapa. Lilichochukua ni nafasi mezani, kwa sababu hupatikana mwaka mzima, limechambuliwa kwa ukubwa, limepakiwa katoni na kuhifadhiwa kwenye baridi tangu bustanini.

Nzi aliyetufungia soko

Mwaka 2003 wataalamu waligundua hapa Kenya nzi wa matunda mwenye asili ya Asia. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, kisha hujidondosha na kujizika udongoni hadi wageuke nzi. Ukilitazama embe kwa nje huenda usione kitu.

Kwa sababu ya nzi huyu, mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya, ili isije ikapigwa marufuku. Soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021. Miaka hiyo yote tulibaki tukitegemea nchi za Ghuba na soko la nyumbani.

Mti kuuzwa ukiwa na maua

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Dalali huja mti ungali na maua au vichanga, akaukadiria kwa macho, akatoa pesa taslimu. Mkulima ana karo ya Januari mbele yake, hana la kusubiri. Embe likiiva si lake tena. Wachumaji nao hutikisa matawi, embe huanguka na kuvilia, utomvu ukaunguza ganda. Tunda kama hilo halifiki mbali, hata liwe apple au ngowe safi.

Yanayowezekana

Kwanza, usafi wa shamba. Okota maembe yaliyoanguka kila baada ya siku chache. Yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uufunge, uuache juani hadi funza wafe, au uyafukie shimo la kina cha nusu mita au zaidi. Mitego yenye dawa ya kuvuta nzi dume husaidia pia. Na wale chungu maji moto tunaowalaani wakituuma, wacha waishi mtini: huwafukuza nzi wasitage. Lakini kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Jirani akiacha maembe yaoze, analea nzi wa kijiji kizima.

Pili, chuma kwa mkono au kwa upondo wenye mfuko, ukiacha kikonyo kifupi, na uyapange kivulini.

Tatu, uzeni kwa kilo na kwa kikundi. Dalali hupanga bei akimkuta mkulima mmoja mmoja mwenye shida. Kikundi chenye mizani na akiba ya kukopeshana karo kinaweza kungoja embe likomae.

Nne, kaunti zetu zijenge vyumba vya baridi karibu na mashamba, kisha zivitunze. Embe haliwezi kukaa mwaka mzima kama tofaa, lakini siku chache za ziada zinatosha kumwondolea mkulima ulazima wa kuuza jioni ile ile kwa bei yoyote.

Mkulima wa Muheza si adui yetu. Naye anatafuta riziki kama sisi. Ushuru unaweza kumsaidia mkulima wa Magarini, lakini kabla ya ushuru anahitaji mizani, shamba safi na nguvu ya kumwambia dalali arudi embe likiwa limekomaa.