Gombessa na Malania: Historia ya Samaki Mmoja na Majina Yake

Mnamo mwezi wa Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzwani ambacho Wafaransa walikiita Anjouan, mvuvi Ahamadi Abdallah alikuwa usiku baharini karibu na mji wa Domoni, akivua kwa mshipi mrefu kutoka katika ngalawa yake. Aliyenaswa usiku huo alikuwa samaki mkubwa mwenye magamba magumu na mapezi mazito yaliyojitokeza kama viungo. Abdallah hakushangaa. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimpata samaki huyo mara moja moja, na walikuwa na jina lake, gombessa. Siku chache baadaye ndege ya kijeshi ilitoka Afrika Kusini kwenda kumchukua, na magazeti ya dunia yakatangaza kwamba kiumbe aliyedhaniwa ametoweka kwa mamilioni ya miaka ameonekana tena.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo yaliyotokea kati ya ngalawa ile na ndege ile, kwa sababu yanahusu lugha kiasi kile kile yanavyohusu elimu ya viumbe. Kumtambua samaki ni kumtofautisha na wengine, kujua makazi yake, na kumpa jina ambalo watu wengine watalifahamu. Katika hayo matatu, la mwisho ndilo aghalabu hupita bila kujadiliwa, kana kwamba jina ni kibandiko tu kinachobandikwa baada ya kazi kumalizika.

Kisa chenyewe huanza kusimuliwa kutoka mwaka 1938. Tarehe 22 Desemba ya mwaka huo, meli ya kukokota nyavu iitwayo Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, ilitia nanga East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki aliyevuliwa nje ya mlango wa mto Chalumna. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, aliona pezi la rangi ya buluu limejitokeza katika rundo la samaki, akaagiza achukuliwe. Samaki alikuwa na urefu wa mita moja na nusu hivi. Bibi huyo alimchora na kuupeleka mchoro kwa J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia huko Grahamstown ambaye elimu ya samaki ilikuwa ndiyo mapenzi yake hasa. Smith alikuwa likizoni, barua ikachelewa. Alipofika kumwona samaki mwezi wa Februari 1939, matumbo yalikuwa yamekwisha kutupwa na ngozi imekaushwa. Hata hivyo mchoro peke yake ulikuwa umemtosha kumtia mashaka makubwa. Samaki wa jamaa hiyo walijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na ilidhaniwa kwamba wa mwisho wao alikufa zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Smith akamwita Latimeria chalumnae: jina la kwanza kwa heshima ya bibi yule, la pili kwa kumbukumbu ya mto.

Kwa kuwa sehemu za ndani zilikuwa zimepotea, Smith alihitaji samaki wa pili. Vita vilipokwisha alichapisha karatasi ya tangazo yenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, naye akaisambaza katika pwani ya mashariki ya Afrika. Tangazo lilikuwa katika lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hizo ndizo lugha za ofisi za serikali katika makoloni yaliyohusika, na yamkini Smith alifikiri kwamba maofisa ndio watakaoupeleka ujumbe mbele. Lakini wanaovua katika pwani hiyo, kutoka Lamu mpaka Msumbiji ya kaskazini na visiwani Komoro, walikuwa wanazungumza Kiswahili, Kikomoro na lugha nyingine za jamaa hiyo. Kiswahili wakati huo kilikuwa na miaka zaidi ya ishirini tangu kazi ya kukisanifisha ianzishwe na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930. Kilikuwa na magazeti, vitabu vya shule na wapiga chapa. Hapakuwa na kizuizi cha kiufundi cha kumwuliza mvuvi kwa lugha yake, "Je, unamjua samaki huyu? Mnamwitaje?" Swali hilo la pili ndilo lingaliweza kufupisha safari ya miaka kumi na minne.

Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba tangazo lililokosa Kiswahili lilisafirishwa na chombo chenye jina la Kiswahili. Nahodha Eric Hunt, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara kati ya Unguja na Komoro, alikutana na Smith na mkewe Margaret huko Unguja mwaka 1952, akachukua karatasi zile. Jahazi lake liliitwa N'duwaro, yaani nduaro, yule samaki wa bahari kuu mwenye mdomo kama mkuki.

Huko Nzwani, Abdallah alimpeleka samaki wake sokoni kama kawaida. Aliyemzuia asikatwe ni Affane Mohamed, mwalimu wa shule, ambaye alikuwa ameliona tangazo na kuikumbuka picha. Samaki akachukuliwa kuvuka milima mpaka Mutsamudu, lilikokuwa jahazi la Hunt. Hunt akamtia chumvi, baadaye akapata dawa ya kuhifadhi kwa daktari huko Maore, na kumpelekea Smith simu ya maandishi. Smith akamwomba Waziri Mkuu D.F. Malan ndege, akaipata, na alipofunguliwa sanduku ndani ya jahazi akalia machozi. Masimulizi mengi ya kisa hiki humtaja Mohamed kwa sentensi moja na kuendelea. Lakini ukitazama vizuri, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyejua kwamba gombessa na samaki wa kwenye picha ni kitu kimoja. Abdallah alikuwa na jina bila picha. Smith alikuwa na picha bila jina la wenyeji. Utambuzi, kwa maana kamili ya neno hilo, ulifanyika katika soko la Domoni.

Isidhaniwe kwamba hoja hapa ni kuwa hapakuwa na la kugundua, kama wasemavyo wengine kwa hamaki. Mvuvi hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua, kwamba samaki wake ni jamaa wa visukuku vilivyopewa jina huko Ulaya katika miaka ya 1830. Ujuzi huo ulihitaji makumbusho, vitabu na mawe yaliyopasuliwa. Kosa liko mahali pengine, nalo ni kudhani kwamba ujuzi wa mvuvi haukuwa ujuzi.

Tazama lilivyotolewa jina. Smith, kwa kuona tofauti fulani za mapezi ambazo baadaye zilionekana kuwa kilema cha samaki yule mmoja tu, alidhani amepata jinsi mpya, akamwita Malania anjouanae. Sehemu ya kwanza ilikuwa shukrani kwa Malan, kiongozi wa serikali iliyoingia madarakani mwaka 1948 na kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi. Sehemu ya pili ilikuwa jina la kisiwa kwa matamshi ya Wafaransa. Katika maneno mawili hayo hakuna silabi hata moja iliyotoka kinywani mwa waliomvua. Malania haikudumu; samaki alithibitishwa kuwa Latimeria yule yule, na jina la waziri mkuu likaondolewa kwa kanuni za sayansi yenyewe.

Wala haiwezi kusemwa kwamba desturi ya sayansi haikuruhusu vinginevyo. Peter Forsskål, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, alikwenda Bahari ya Shamu pamoja na msafara wa Kidenmaki ulioanza mwaka 1761. Alijifunza Kiarabu, akawauliza wavuvi, akaandika walivyomjibu. Alifariki Yemen mwaka 1763, na kitabu chake cha wanyama kikatolewa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, aliyebaki peke yake katika msafara ule. Kwa sababu hiyo orodha za kisayansi mpaka leo zina Lethrinus harak na Lethrinus mahsena, Lutjanus bohar, Variola louti, Scarus ghobban na Gerres oyena. Maneno ya pili katika majina hayo ni Kiarabu cha wavuvi. Wengi wa samaki hao wamo katika miamba ya Mombasa na Unguja pia: wale wa Lethrinus ni changu, na Gerres oyena ni chaa. Karne mbili kabla ya Smith, basi, njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa, na tofauti kati ya watu wawili hao ni kwamba mmoja aliuliza.

Suala la makazi linaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Baada ya mwaka 1938 wataalamu wa London walishikilia kwamba samaki yule alikuwa mpotevu aliyetoka vilindi vikuu. Smith alibisha, kwake yeye magamba yale na mapezi yale yalikuwa ya samaki wa miambani. Ubishi ulichukua muda mrefu, na uliendeshwa kwa kutazama maiti. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake walishuka katika chombo kidogo cha chini ya maji nje ya Ngazija wakamwona samaki akiwa hai katika makao yake, usiku, kwenye mteremko wa miamba ya volkano, katika kina cha kati ya mita 100 na 200 hivi. Katika miaka iliyofuata walimkuta mchana amejificha mapangoni. Sasa, wavuvi wa Komoro walikuwa wakimpata usiku, karibu na nchi kavu, penye mteremko mkali wa mawe, kwa mishipi ya pima nyingi iliyoshushwa kumtafuta samaki mwingine wa mafuta waitaye nessa. (Kufanana kwa mwisho wa nessa na gombessa kunavutia, ila mwanaisimu hana ruhusa ya kujenga asili ya neno juu ya mwangwi.) Saa, mahali na kina, vyote vilikuwa vimekwisha kupimwa kwa kamba. Hata magamba yalikuwa na kazi: imesimuliwa kwamba yalitumika kukwaruzia mipira ya baiskeli kabla ya kutiwa viraka.

Ujuzi wa namna hiyo umo katika msamiati wa Kiswahili chote cha pwani. Mvuvi hamtaji samaki bila makazi. Tafi, ambaye kusini huitwa tasi, ni wa majani. Pono ni wa matumbawe. Chewa ni wa mapangoni. Chaa ni wa mchanga wa maji madogo. Mwatiko mchanga huingia hori za mikoko. Jodari na nduaro ni wa bahari kuu. Kamusi, kwa upande wake, imemtenga samaki na maji yake. Tangu ile ya Krapf ya mwaka 1882, ukimwacha Sacleux ambaye kwa kukusanya kwake mimea alizoea majina ya Kilatini, maelezo yanayokutana na msomaji mara nyingi ni "aina ya samaki", na basi. Mtu aweza kuipitia kamusi nzima akajua kwamba bahari ya Waswahili ina aina nyingi za "aina ya samaki".

Upungufu huo ulijitokeza waziwazi gombessa alipofika katika maji ya Afrika Mashariki yenyewe, au tuseme alipoanza kunaswa humo. Mwaka 2001 mmoja alivuliwa na meli ya kukokota nyavu nje ya Malindi. Tangu 2003 wengine walianza kupatikana Tanzania, wengi wao eneo la Tanga, katika nyavu za jarife zilizotegwa kwa ajili ya papa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari huko Tanga, nayo ikaitwa Hifadhi ya Silikanti.

Silikanti ni neno lililoundwa kwa kanuni zinazofahamika. Limetoka katika maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "uwazi" na "mwiba", likapitia Kilatini cha wataalamu wa visukuku na Kiingereza, likatiwa irabu zilizolifaa. Hakuna kosa la sarufi ndani yake. Ila waundaji wa istilahi hupenda kusema kwamba, kabla ya kuomba kwa wageni, lugha huanza kutafuta ndani yake, kisha katika lahaja zake, kisha kwa ndugu zake wa Kibantu. Kikomoro na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja katika kundi la Sabaki. Gombessa, au gombesa kwa tahajia sanifu, halina sauti hata moja inayomshinda Mswahili kuitamka, na mtu wa Pemba angelisikia leo asingelidhania kuwa geni. Mzamiaji Mfaransa Laurent Ballesta, alipokwenda Afrika Kusini mwaka 2013 kumpiga picha samaki huyu, aliuita msafara wake Gombessa.