Wazee Walioambiwa Waamke

Mwaka 1935, hospitali moja ya Isleworth, magharibi mwa London, ilikabidhiwa jengo la jirani. Jengo hilo lilikuwa nyumba ya maskini, mahali ambapo kwa karibu karne nzima Waingereza wasio na uwezo walipewa chakula na malazi kwa masharti ya fedheha. Ndani yake hospitali ilikuta wagonjwa 714, wengi wao wazee. Kazi ya kuwaangalia alipewa daktari wa kike ambaye alikuwa hajatimiza miaka 40, jina lake Marjory Warren.

Wazee hao walikuwa na jina moja la jumla: wagonjwa sugu. Halikuwa jina la ugonjwa. Lilikuwa hukumu, na mtu akishahukumiwa hakuna anayerudi kumpima. Warren alipoanza kuwapima mmoja mmoja, alikuta watu waliopata kiharusi zamani na hawakusimamishwa tena tangu siku hiyo. Alikuta magoti yaliyokunjika na kukakamaa kwa sababu ya kulala mno. Alikuta pia watu ambao hawakuhitaji hospitali hata kidogo. Walihitaji mahali pa kuishi tu.

Lakini kilichomshtua zaidi hakikuwa miguu. Katika makala aliyoiandika mwaka 1946 alieleza kinachompata mtu aliyekata tamaa ya kupona na kujua kwamba hatajitegemea tena. Mtu huyo, alisema, hupoteza kwanza heshima aliyokuwa nayo kwa nafsi yake. Baada ya hapo ama huzubaa na kutojali chochote, ama huwa mkali, mwenye kununa, asiyeridhika. Wauguzi waliokuwa wakipita kati ya vitanda vile walidhani wanaona tabia za uzee. Warren aliona matokeo ya kulazwa.

Akaanza kuwaamsha. Aliwagawa wagonjwa kulingana na hali zao badala ya kuwachanganya. Wodi zikapakwa rangi na kutiwa mwanga. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wakaletwa, na watu waliokuwa wamesahaulika wakafundishwa upya kuketi, kusimama, kupiga hatua, kuvaa nguo bila msaada. Wengi waliondoka. Vitanda vya wagonjwa sugu vilipungua kutoka 714 hadi 240. Mwaka 1947 Warren alikuwa miongoni mwa madaktari wachache walioanzisha chama cha kwanza cha tiba ya wazee nchini Uingereza.

Tusiwacheke haraka wale waliokuwa wakiwalaza. Katika karne ya 19 kitanda kilikuwa dawa yenye heshima. Mwaka 1863 daktari wa upasuaji John Hilton alichapisha mihadhara iliyowafundisha vizazi vya madaktari kwamba mapumziko ndiyo njia ya mwili kujiponya. Ng'ambo ya bahari, huko Philadelphia, daktari Silas Weir Mitchell alipata umaarufu kwa kuwalaza watu waliochoka akili. Mgonjwa mwenye kile tunachokiita leo msongo wa mawazo au sonona aliwekwa kitandani kwa wiki kadhaa, akalishwa maziwa kwa wingi na kukatazwa karibu kila shughuli. Wazo lilikuwa rahisi na la huruma: aliyechoka apumzike. Nani angebishana nalo?

Aliyebishana nalo waziwazi alikuwa daktari mwingine wa London, Richard Asher. Mwaka huohuo wa 1947 aliandika makala fupi kuhusu hatari za kwenda kitandani. Alipita kiungo kwa kiungo: mapafu yanajaa, damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, ngozi inachubuka na kuwa vidonda, mifupa inapoteza chokaa, misuli inasinyaa. Alipomaliza mwili akaigusa roho. Mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, alionya, hatimaye hataki tena kuamka.

Ushahidi wa namba ulikuja baadaye. Mwaka 1966, mjini Dallas nchini Marekani, vijana watano wa miaka 20 walikubali kulala kitandani kwa wiki tatu ili wapimwe. Miaka 30 ikapita. Mwaka 1996 watafiti waliwatafuta wale wale watano, sasa wakiwa na miaka 50, vitambi na mvi, wakawapima tena. Wiki tatu za kitanda katika ujana zilikuwa zimeushusha uwezo wao wa kufanya kazi ngumu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Isitoshe, baada ya miezi sita ya mazoezi, wanaume hao waliurudia uwezo waliokuwa nao walipokuwa vijana kabla ya kulazwa.

Ukiisoma habari hiyo mara mbili, swali linajileta lenyewe. Tunapomwona mzee anajikongoja, ni kiasi gani cha udhaifu ule kimeletwa na miaka, na ni kiasi gani kimeletwa na kukaa?

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walilipeleka swali hilo kwenye makao ya wazee mjini Boston. Waliwapata wazee kumi dhaifu, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Wakawanyanyulisha uzito kwa miguu. Hawakuwapa mazoezi mepesi ya kuwaburudisha. Waliwapa uzito wa kweli, na kuuongeza kadiri walivyoweza. Baada ya wiki nane, nguvu za miguu ya wale waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutumia mikongojo. Mmoja, ambaye mwanzoni hakuweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, aliinuka.

Kisha ikaja zamu ya moyo. Mwaka 1997 timu iliyomhusisha Fiatarone huyohuyo ilichapisha matokeo ya watu 32 wenye sonona, wa umri wa miaka 60 hadi 84. Kundi moja lilinyanyua uzito mara tatu kwa wiki kwa wiki kumi. Kundi jingine lilipewa masomo ya afya. Walionyanyua walipata nafuu kubwa zaidi. Mwaka 2005 watafiti wakauliza tena, safari hii nchini Australia: je, ni uzito wenyewe, au ni kule kutoka nyumbani na kukutana na watu? Wazee 60 wakagawanywa mara tatu. Miongoni mwa walionyanyua uzito mkubwa, asilimia 61 waliona dalili zao zikipungua kwa nusu au zaidi. Kwa walionyanyua uzito mwepesi ilikuwa asilimia 29, na kwa waliobaki na huduma ya kawaida ya daktari asilimia 21. Kutoka nyumbani peke yake hakukutosha. Mwili ulitaka kuombwa kitu kizito.

Sababu zake si za kimiujiza. Msongo ukidumu, mwili huendelea kumwaga homoni ya kotisoli, na homoni hiyo ikizidi kwa muda mrefu huila misuli. Misuli ikipungua, mtu huogopa kuanguka. Akiogopa kuanguka hatoki, asipotoka hapati mtu wa kuongea naye, na asiyeongea na mtu hukaa na mawazo. Mawazo yanazaa msongo, na gurudumu linaanza mzunguko mwingine. Unaweza kulisimamisha kwa kuanzia upande wowote, hata upande wa magoti. Wahenga wetu walikwishasema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Hapa ndipo historia hii ya Isleworth na Boston inapobisha hodi kwetu. Sisi vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Mwanza hatuna haja ya nyumba ya maskini ili kumlaza mzee. Tuna kiti cha plastiki barazani, tuna simu ya kutumia hela, na tuna sauti ya upole: "Mama, wewe kaa tu. Umeshafanya kazi ya kutosha." Tunamwajiri binti wa kuchota maji. Tunakodisha mtu wa kulima. Tunampokonya ndoo mkononi mbele ya majirani, na majirani wanatusifu kwamba mama yule amezaa. Yote hayo ni mapenzi, kama ambavyo kitanda cha Weir Mitchell kilikuwa mapenzi.

Kuna dodoso la sonona kwa wazee lililotungwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo leo limeenea duniani. Waliolitunga waliepuka kuuliza habari za maumivu na usingizi, kwa kuwa mzee asiye na sonona naye huumwa mgongo na hulala kidogo. Badala yake lina maswali ya ndiyo na hapana kuhusu anavyoyaona maisha. Swali mojawapo la mwanzo linataka kujua kama ameacha shughuli zake nyingi. Kila nikilifikiria swali hilo naona pengo lake: halimuulizi ni nani aliyemwachisha.

Na mzee wa kwetu hatasema ana sonona. Atasema mwili umechoka. Atasema ana mawazo, au moyo mzito, au ataacha tu kwenda misibani na kwenye vikundi vya kina mama, nasi tutasema ni uzee. Tutakuwa tumesimama palepale waliposimama wauguzi wa Isleworth.

Sisemi wazee warudishwe mashambani kwa nguvu. Kule Kagera ukimwi uliwaachia mabibi wajukuu wa kulea wakati wao wenyewe walistahili kuangaliwa. Kazi ile iliwamaliza, haikuwajenga. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ilitambua kwamba kupumzika ni haki. Kazi inayotokana na njaa na zoezi analolichagua mtu ni vitu viwili, hata kama jasho ni lilelile. Wala uzito si mbadala wa daktari. Iko sonona inayohitaji dawa, na ikifika pale mzee anaposema hana sababu ya kuishi, ni hospitali, siku hiyohiyo.

Ninachosema kinaonekana vizuri zaidi Korogocho, Nairobi. Huko mabibi wamekuwa wakikutana kujifunza kujihami, kwa kuwa wahalifu waliwalenga wao wakiamini kwamba mwanamke mzee hana nguvu. Wanapiga ngumi, wanapiga viwiko, wanapaza sauti. Hakuna anayedhani bibi wa miaka 70 atawashinda vijana watatu gizani. Lakini anayejua kwamba mkono wake bado una kitu ndani yake hutembea njiani tofauti na yule aliyeambiwa kila siku akae.

Marjory Warren alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1960. Kipimo chake kilikuwa rahisi kiasi kwamba hakihitaji mashine: mzee huyu anaweza nini leo, na aweze nini wiki ijayo? Tunaweza kukibeba hadi nyumbani. Baba aliyezoea kutembea hadi msikitini asiitiwe bodaboda kila adhuhuri, asindikizwe. Bibi ainuke kitini mara kumi asubuhi bila kushika pembeni, na akishindwa leo afike mara tatu. Na ndoo ile ya mama, kabla ya kuipokonya, tuulize kwanza: "Nikubebee yote, au nikupunguzie?"

Aachiwe ajibu mwenyewe.